Nicosia: mji mmoja, saa mbili

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, niwasimulie kuhusu Nicosia, mji mkuu wa Cyprus uliokatwa katikati. Kazi ilinipeleka huko wiki moja, na Jumamosi nikavuka upande wa pili kwa miguu.

Historia kwa ufupi. Mwishoni mwa mwaka 1963 Wagiriki na Waturuki wa kisiwa hicho walipigana, na afisa wa jeshi la Uingereza akachora mstari kwenye ramani kwa penseli ya kijani. Mwaka 1974 jeshi la Uturuki likavamia, na Mstari wa Kijani ukawa mpaka kamili. Kaskazini ilijitangaza nchi mwaka 1983, lakini ni Uturuki pekee inayoitambua. Watu walianza kuruhusiwa kuvuka Aprili 2003, na kivuko cha mtaa wa Ledra kikafunguliwa Aprili 2008.

Ledra ni mtaa wa maduka tu. Unaonyesha pasipoti, unapita katikati ya nyumba zilizofungwa miaka mingi, unaonyesha pasipoti tena. Euro zinageuka lira. Nambari za simu nazo zinabadilika: kusini ni +357, kaskazini ni +90 ya Uturuki.

Kilichonifurahisha mimi kama mtu wa kompyuta ni habari ya saa. Mwaka 2016 Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, na kaskazini ikaifuata. Basi majira yale ya baridi, kusini ikiwa saa nne asubuhi, ng'ambo ya mtaa ilikuwa saa tano, sawa na Nairobi! Hifadhidata ya saa inayotumiwa na seva nyingi duniani ililazimika kuongeza jina jipya, Asia/Famagusta, kando ya Asia/Nicosia. Mwaka 2017 kaskazini ilirudi kwenye saa za kusini, lakini jina hilo lingalimo.

Nikiwa nanunua chai kaskazini, nikasikia, "Kaka, wewe ni Mkenya?" Alikuwa dada kutoka Kisumu, mwanafunzi wa chuo kimoja huko. Akaniuliza, "Ng'ambo kukoje?" Nilidhani anatania. Kumbe aliingia kupitia kiwanja cha ndege cha Ercan, ambacho Jamhuri ya Cyprus haikitambui kama mlango halali, kwa hiyo hawezi kuvuka. Mimi niliingia kwa viza kupitia Larnaca. Pasipoti zetu ni za rangi moja. Kituo cha ukaguzi anakiona kila siku akienda sokoni.

Akanieleza pia taabu ya fomu za mtandaoni. Akichagua Cyprus, anwani yake haikubaliki. Akichagua Uturuki, si anakoishi.

Jambo moja nililisoma baadaye: maji taka ya pande zote mbili husafishwa pamoja, kwa makubaliano ambayo viongozi wa mji walianza kuyafanya miaka ya 1970. Mabomba hayakungoja wanasiasa wamalize.

Basi wenzangu mnaotengeneza fomu, orodha ya nchi si kitu kidogo. Acheni nafasi mtu aandike anakoishi kwa maneno yake mwenyewe. Je, nanyi mmewahi kukwama kwenye fomu isiyowajua? Niambieni.