Daftari la Dizeli

Kazi niliyopewa Mtae ilikuwa ya kuzima jenereta. Mnara wetu wa simu ulisimama ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, pale ardhi inapokatika ghafla, chini ikabaki mbuga ya Mkomazi na ng'ambo yake milima ya Pare. Nguzo za Tanesco ziliishia mbali na saiti. Mitambo ilihitaji kilowati 1.2 tu usiku na mchana, lakini ilihudumiwa na jenereta ya kVA 15, sawa na kukodi lori la tani saba lipeleke magunia machache. Ilikunywa kama lita mbili kwa saa. Kwa mwaka zinapita lita 17,000, na kila lita ilipandishwa kupitia Lushoto, Magamba na Lukozi, barabara ambayo masika huigeuza utelezi mtupu.

Hesabu za kuhamia umeme wa jua nilizipigia Dar es Salaam. Kilowati 1.2 kwa saa 24 ni karibu uniti 29 kwa siku. Takwimu za NASA zilinipa saa nne na nusu za jua kamili, yaani nuru ya kutwa nzima ikikusanywa pamoja iwe kama jua la saa sita mchana. Nikatoa kinachopotea kwenye nyaya na betri, nikapata paneli za kilowati 9. Betri zilikuwa za asidi, seli 24 za volti 2 kwa kila safu, kufikisha volti 48 zinazotumiwa na mitambo ya simu. Nikazipima zibebe siku tatu bila kushuka chini ya nusu, maana betri ya asidi ikizoeshwa kushuka zaidi ya hapo haidumu. Tulifunga kila kitu Februari, anga jeupe, Pare ikionekana mikunjo yake yote. Jenereta nikaishusha Tanga kwa gari lile lile lililokuwa likiiletea mafuta. Nilifurahi kweli.

Julai mnara ukazima. Ukungu ulitanda siku tano, na usiku wa tano volti zikafika kikomo nilichoweka mwenyewe, mitambo ikajikata. Ulikuwa usiku wa kupakia. Kabichi na karoti za milimani husafiri usiku, na mkulima hupakia akiwa ameshasikia bei kwa simu. Usiku ule walipakia bila kusikia chochote. Nilipofika siku mbili baadaye, mama mmoja aliniambia karoti zake zimekwenda kwa bei aliyoitaka dalali, kwani hakuwa na namna ya kumpata mnunuzi mwingine. Hakujua kwamba aliyepiga hesabu za mnara ni mimi. Nilimwambia, nikamwomba radhi.

Mlinzi alikuwa mzee wa pale pale, naye hakunikaripia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa hili daftari hukulisoma?"

Lilikuwa daftari la dizeli, lenye jalada gumu, kingo zake zimelowa mafuta hadi karatasi zikawa kama za kufungia maandazi. Safu tatu zilikuwa za kampuni: tarehe, lita zilizoingia, saa za jenereta. Ya nne aliipiga mwenyewe kwa rula, kwa sababu gari likichelewa yeye ndiye aliyeulizwa. Humo aliandika anga. "Pare yaonekana." "Ukungu hadi saa tano." "Ukungu kutwa." Miaka mitatu mfululizo. Nikakaa kwenye kizingiti cha kibanda chake, nikashuka na kidole ukurasa kwa ukurasa. Juni, Julai, Agosti: kutwa, kutwa, kutwa, mara moja hadi siku saba bila kukatika. Ukurasa wa mwisho una saini yangu, ya Februari, ya kuondoa jenereta. Nililishika daftari lile mkononi, nikasaini, nikalirudisha.

Takwimu nilizotegemea hazikuwa za uongo. Zilitolewa kwa miraba ya nyuzi moja, kama kilomita 110 kila upande, kwa hiyo jua la mbuga kavu ya Mkomazi na ukungu wa mlima wetu vilichanganywa kwenye tarakimu moja.

Nikaanza upya na daftari gotini. Badala ya saa nne na nusu nikaweka mbili na nusu, za Julai. Paneli zikafika kilowati 16. Nikaziinamisha nyuzi 15 kuelekea kaskazini, kwa kuwa miezi ile ya ukungu jua hupita kaskazini mwa Mtae. Upepo wa ukingoni ulinitamanisha, lakini huja kwa vishindo na kujizungusha, nao ungezivunja pangaboi za kufua umeme mapema. Nikaongeza wati 100 za kibanda. Watu walikuwa wakimletea mzee simu zao awachajie, na kwenye mchoro wa kwanza sikuwaweka. Safari hii niliwaandika kama mzigo halali.

Julai iliyofuata simu yangu ililia, Dar, saa moja asubuhi.

"Injinia, leo siku ya saba. Pare haionekani."

Nikamwomba anisomee volti kwenye kisanduku. Nikasikia nyayo zake kwenye kokoto, mlango wa chuma, kisha kimya kidogo.

"Arobaini na nane nukta moja."

"Iandike, mzee."

"Nimeshaandika."