Matumizi ya Mtoto Yafuate Giza la Dagaa

Sisi tulio Uingereza, yakizungumzwa ya wazazi walioachana, huwa tunahitimisha upesi kwamba huku mtoto analindwa na kule Mwanza anatelekezwa kwa sababu sheria ni dhaifu. Lawama hiyo naiona inapiga pasipo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ilifuta ile ya zamani iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Leo mahakama hupima kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa maandishi, mama wa Igoma hajaachwa mbali na mama wa Leicester.

Kinachowatofautisha ni nani anayefuatilia hela. Huku idara ya serikali, Child Maintenance Service, huchukua taarifa za kipato cha baba kutoka mamlaka ya kodi na kupiga hesabu: kwa kipato cha kawaida ni asilimia 12 kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, 19 kwa watatu au zaidi. Akikaidi, mwajiri huagizwa kukata kwenye mshahara. Mwanza mama hupata amri ya mahakama, kisha kila baba anapokwepa ni yeye arudi kuomba ikazwe, kwa nauli yake, wakati baba, ambaye mara nyingi ni mvuvi wa dagaa, ameshahama kutoka Kirumba kwenda kambi ya uvuvi kisiwani Ukerewe au Ukara.

Na amri yenyewe ikitaka kiasi kilekile kila mwezi, inamtazama mvuvi kama karani. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika na mifuko hukauka. Mauzo yakipatikana, tajiri mwenye mtumbwi hutoa kwanza mafuta na chakula, ndipo vijana wagawane kinachobaki. Hapo ndipo pa kukata matumizi ya mtoto, kabla mgawo haujafika mkononi. Sheria inaruhusu mapato ya mdaiwa kukamatwa. Mahakama ingeweza kupanga malipo kwa kila giza, tajiri akamtumia mama kwa simu, kumbukumbu ikabaki pande zote mbili. Uongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, unajua nani anavua na mtumbwi wa nani.

Ataniambia mtu kwamba huku kuna hati za mshahara na kule hakuna. Ni kweli, lakini tajiri ana daftari, na hata hizo hati hazikuiokoa Uingereza: chombo chake cha kwanza cha kufuatilia matunzo, kilichoanza kazi mwaka 1993, kililimbikiza madeni na malalamiko hadi kikabadilishwa. Mwingine atasema kumpeleka baba mtoto mahakamani kunavunja undugu. Kikao cha ukoo kianze, sawa, ila makubaliano yaandikwe, kwa sababu ahadi ya mdomo haimfuati mtu kisiwani. Pingamizi lililo zito kwangu ni la baba anayetoa matumizi na bado ananyimwa kumwona mwanawe. Huyo anaonewa. Ana haki ya kuiomba mahakama imruhusu kumtembelea mtoto, na mama anayemfungia mlango anamwumiza mtoto pia. Lakini dawa yake ni ombi hilo. Akizuia hela, anayekosa uji ni mtoto.

Kwa hiyo, msomaji, kama una dada au binti kule anayehangaika, pamoja na hela unayomtumia mwambie aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, ambaye sheria inampa nafasi ya kuomba matunzo kwa niaba ya mtoto. Aende na cheti cha kuzaliwa, jina la mwalo, jina la mtumbwi na jina la tajiri.