Jino la Utoto Si la Kutupwa

Nyumbani kwetu Muheza mimi ndiye kifungua mimba, na mdogo wetu wa mwisho ni mvulana wa miaka 4. Mama huuza machungwa sokoni. Hutoka alfajiri na kurudi jua likiisha kutua. Kwa hiyo kazi ya kumlea mtoto ilikuwa yangu. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyoifanya vibaya, huku nikidhani naifanya vizuri.

Mtoto alipoachishwa ziwa alikuwa akilia sana usiku. Wakati ule nilikuwa katika shule ya msingi, nami nilitaka kusoma vitabu vyangu. Basi nikapata dawa: nilimtilia chai ya maziwa yenye sukari nyingi katika chupa ya kunyonyea, akalala nayo mdomoni. Mchana akilia, nilimpa peremende. Majirani wakanisifu kuwa ni mlezi hodari. Bibi mmoja tu aliyaona madoa katika meno yake ya mbele, akaniambia. Nikamjibu, "Si kitu, bibi, hayo ni meno ya utoto, yataanguka tu."

Mwaka jana mwezi wa Juni nilirudi nyumbani kwa likizo. Mtoto hakunikimbilia kama ilivyo desturi yake. Alikuwa ameketi mlangoni, shavu limemvimba kama andazi. Usiku kucha hakulala. Mama alimtia karafuu katika jino, lakini haikufaa kitu. Kulipokucha tulimpeleka hospitali.

Daktari wa meno alimfunua mdomo wa juu, akatazama, kisha akauliza, "Mama, mtoto huyu hulala na nini mdomoni?"

Mama akainamisha uso. "Alikuwa akilala na chai, daktari. Mimi ndiye niliyempa."

Maneno hayo yalinichoma moyo. Nikasema, "Hapana, daktari, ni mimi, wala mama hakujua kiasi cha sukari."

Nilidhani atanikemea. Hakunikemea; alinivutia kiti, akanieleza. Katika kinywa cha kila mtu mna vijidudu vidogo sana. Vikipata sukari hutoa asidi, nayo asidi hula ngozi ngumu ya nje ya jino. Mate huiosha asidi hiyo, lakini tulalapo mate hupungua sana. Kwa hiyo mtoto anayelala na chupa ya kitu kitamu, meno yake huliwa usiku kucha. Ubaya huanza kwa mstari mweupe karibu na ufizi. Ukionekana mapema, jino laweza kuponyeshwa. Ukishageuka shimo, jino halijizibi.

Nikauliza, "Lakini si yataanguka hata hivyo?" Akajibu kwamba ya mbele huanza kuanguka mtoto anapofika miaka 6 hivi, bali magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12, yakiyashikia nafasi yale ya ukubwani. Likiondoka mapema, majirani zake huinamia pengo, na jino jipya huota upande. Tena akasema kuwa katika miaka 6 hiyo huota gego la kwanza la ukubwani, nyuma ya meno yote, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto, wakaliacha lioze, nalo halina badala yake.

Siku ile mdogo wangu aling'olewa magego 2. Mimi ndiye niliyemshika mikono. Alinitazama usoni na kuuliza, "Dada, nimekosa nini?" Sikuwa na jibu.

Sasa nyumbani tuna desturi mpya. Mtoto hupigwa mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto asiyetimiza miaka 3, na kiasi cha punje ya njegere baada ya hapo. Hutema povu, wala hasukutui kwa maji mengi. Mkubwa ndiye ashikaye mswaki, kwa maana mtoto hawezi kusafisha vizuri peke yake mpaka afike miaka 7 au 8. Baada ya mswaki wa usiku haingii kitu kinywani ila maji. Na kazi yenyewe huanza jino la kwanza linapoota, yapata miezi 6, wala si mtoto aanzapo shule.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tuna wadogo nyumbani, na wazazi wetu wana kazi nyingi. Likizo hii mfunueni mtoto mdomo wa juu, mtazame. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mdogo wangu sasa nikirudi hunikimbilia huku amejifunua mdomo kwa kidole, ili nimkague. Hucheka, nami hucheka naye. Lakini lile pengo hulitazama kila mara, na litakuwapo kwa miaka mingi bado.

Mwanafunzi, Kidato cha III