Harusi Yangu Haikusubiri Duara Kutema

Kama umewahi kuishi Katoro, Rwamgasa, Nyarugusu au Kakola, utanielewa nikisema kwamba huku kwetu harusi nyingi hupangwa kwa pesa ambayo bado iko chini ya ardhi. Mtu anamchumbia binti mwezi wa kwanza, mwezi wa pili kamati inaundwa, mwezi wa tatu ukumbi umelipiwa nusu, na ukiuliza nusu iliyobaki inatoka wapi unajibiwa, "Subiri, duara linakaribia kutema." Linakaribia! Lini hasa, hakuna anayejua.

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni Tinde, Shinyanga Vijijini. Mwenzangu ni mchimbaji mdogo kule Rwamgasa, Geita. Tulikuwa wachumba kwa miaka mitatu, na miaka yote hiyo harusi iliahirishwa kwa sababu hiyo hiyo moja ya duara. Wenzangu wa chuo waliolewa, wakazaa, wengine wakanipa watoto wao niwabebe huku wakiniuliza, "Shosti, vipi, bado tu?" Sio siri, inauma.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine labda nieleze kidogo, maana wengi mnadhani mchimbaji ni mtu wa kuokota dhahabu kama maembe. Mchimbaji wa duara hana mshahara. Anaweza kuchimba miezi sita, saba, analishwa ugali na maharage na mwenye duara, anafunga matimba ili udongo usiwafukie, na mfukoni hana kitu. Wakifika kwenye mwamba wenye mali ndipo mawe yanagawanywa kwa mifuko: la mwenye leseni, la mwenye duara, halafu la wachimbaji ambao nao wanagawana. Kila mmoja anapeleka mifuko yake karashani, mawe yanasagwa, yanaoshwa mwaloni, dhahabu inanaswa kwa zebaki na kuchomwa. Mchanga unaobaki, wenyewe wanauita marudio, mara nyingi ni wa mwenye mwalo, na humo bado kuna dhahabu! Sasa mtu wa namna hiyo, mjini anaonekana tajiri. Shemeji zangu wa Dar walikuwa wanasema, "Si unaolewa na dhahabu wewe!"

Basi mwezi wa tano mwaka 2023 mwenzangu alipata mgao wake. Zilikuwa gramu 19 baada ya miezi saba. Alizipeleka Geita mjini, kwenye soko la dhahabu lililofunguliwa Machi 2019, na kusema kweli lile soko limewasaidia, kwani zamani waliuza kwa madalali, na mizani na bei vyote alivishika dalali. Wakati ule ilikuwa inakatwa asilimia 6 ya mrabaha na asilimia 1 ya ukaguzi, lakini unaondoka na risiti yako. Alirudi na milioni mbili na laki tatu. Mie nilikuwa na milioni moja na laki mbili niliyoiweka kidogo kidogo kwenye kikoba cha walimu. Jumla milioni tatu na nusu.

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo harusi yetu."

Kha! Alinyamaza kama dakika nzima. Halafu akasema marafiki zake wa Katoro walishaunda kamati, ina mwenyekiti, katibu na mhazini, na bajeti yao ni milioni kumi na mbili. Ukumbi, emsii wa kutoka Mwanza, magari manne yanayofanana, sendofu kwetu, na keki ya ghorofa. Nikamuuliza taslimu ni shilingi ngapi. Akasema ahadi zimefika milioni tisa. Nikarudia: taslimu? Laki sita na arobaini. Na vikao vilishakaa vitano, baa, na bia za vikao zililipwa humo humo kwenye michango.

Mchango wa harusi, jamani, tuambiane ukweli, ni mkopo usiokuwa na mkataba. Anayekupa elfu hamsini anaandika kwenye daftari lake, au kichwani, na siku ya binti yake usipotoa elfu hamsini utasikia habari zako sokoni. Mwalimu anaweza kumaliza miaka miwili analipa harusi yake mwenyewe kwa kuchangia za wenzake. Jirani mmoja wa mwenzangu kule mgodini aliangusha harusi kubwa ya video na drone. Miezi mitatu baadaye aliuza pampu yake ya maji, duara likajaa maji, akawa kibarua kwenye duara la mtu mwingine. Mke wake akarudi kwao akiwa mjamzito. Hilo ndilo nililoliogopa, wala sio watu kusema.

Lakini kwa mwenzangu, watu kusema lilikuwa jambo zito kweli. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Wewe ukifunga harusi ndogo watasema mwalimu hana mshahara wa kutosha, watakuhurumia. Mimi watasema nina mkosi, na hakuna mwenye duara anayemchukua mtu mwenye mkosi." Sikuwa nimelijua hilo. Mgodini, bahati ni sehemu ya kazi. Mtu anayeonekana ameishiwa anakwepwa. Kwa hiyo nilikuwa namwomba ahatarishe riziki yake, na ilibidi tutafute njia ambayo ndogo isionekane unyonge.

Njia tuliipata kwa baba yangu, mzee ambaye hapendi kumbi. Alisema harusi ifanyike nyumbani, Tinde, mwezi wa saba, mpunga ukiwa umeshavunwa na vyakula viko chini. Akatoa dume moja. Mjomba wa Kahama akaleta gunia mbili za mchele. Wamama wa jirani wakagawana kuni, maji na kutwanga, kama walivyozoea tangu zamani kabla hata neno kamati halijafika usukumani. Hakuna aliyeandika daftari. Mama mkwe alipokuja kututembelea nikamsalimia "Mwangaluka, mayu," akaangalia uwanja wetu wenye mwembe, akasema hapa panatosha watu mia tatu. Na kweli walifika mia tatu na zaidi, pamoja na watoto wasiokuwa na kadi, ambao mie sikutaka mtu awafukuze.

Mahari ndiyo iliyoleta maneno. Baba alitaka ng'ombe kumi na tano, wakaja wanane. Mwenzangu, ambaye alishasoma kila kitu kwenye simu, akataja kwa heshima zote kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni halali hata kama mila za mahari hazijatimizwa. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri mwanangu. Sheria ni ya serikali, ng'ombe ni wangu." Watu wakacheka, na wakaelewana saba watakuja taratibu. Lakini sheria hiyo hiyo inadai siku 21 za notisi kabla ya ndoa, na hilo wachumba wengi wanalisahau mpaka kadi zimeshachapishwa. Sisi tulianzia hapo ndipo tukapanga tarehe.

Pesa ilikwenda wapi? Kubwa kuliko zote ilikuwa basi dogo la kuwaleta ndugu na wachimbaji kutoka Rwamgasa kupitia Kakola na Kahama, laki sita. Hapo sikubana hata senti, maana wachimbaji wenzake ndio niliotaka waone. Mpishi, mafuta na viungo laki tano, soda na maji laki nne na nusu. Turubai na viti laki tatu. Gauni nilishonewa na fundi wa Shinyanga mjini kwa laki mbili, la kawaida, ambalo nimeshalivaa tena mara mbili baada ya kulikata. Keki ilikuwa moja, ya laki moja, na pembeni yake tukaweka nyungo za michembe na karanga. Nyungo ziliisha kabla ya keki.

Emsii hatukuwa naye. Babu yangu ni mgalu, na bibi yake mwenzangu ametoka ukoo wa wagika. Asiyejua, hivyo ni vyama viwili vya ngoma vya Kisukuma vilivyoanzishwa na magwiji wawili, Gumha na Ngika, na hadi leo vinashindana, hata kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora kila mwezi wa sita. Basi upande wetu ukaleta ngoma, upande wake ukaleta ngoma, wakashindana uwanjani kwetu kuanzia saa tisa mpaka giza. Wakaja na vijana wa bugobogobo, wanarusha majembe juu na kuyadaka huku vumbi linapanda mpaka kwenye mwembe. Wachimbaji walivua viatu wakaingia. Nilimwona mwenye duara la mwenzangu, mtu mzito wa maneno, jasho linamtoka, anacheza upande wa wagika. Mwenzangu naye alimwona. Jumatatu yake alirudi kazini na hakuna aliyemwita mtu wa mkosi.

Kitu kimoja tu kilisemwa, tena na mawifi: pete. Tulinunua za fedha, zote mbili laki moja na ishirini. "Mchimbaji wa dhahabu anaoaje kwa pete ya fedha?" Wifi mkubwa alilisema kwa sauti ili nisikie. Mwenzangu akamjibu, "Dada, dhahabu ndiyo hiyo unayoila."

Hesabu ilipofungwa zilibaki laki mbili na arobaini. Tulinunua kitanda, godoro tulikuwa nalo. Zile laki sita na arobaini za kamati ya Katoro, au kilichobaki baada ya bia, aliwarudishia wenyewe mmoja mmoja, na wawili walikataa kuzipokea, wakaleta mbuzi.

Duara lilitema Februari iliyofuata, likampa gramu 31. Nilimuuliza kama sasa tubadilishe pete. Akasema tuezeke kwanza.