Waliobaki Uwanjani

Mimi ni mpenzi wa michezo tangu utoto, na ninakiri mbele yenu kwamba zipo Jumapili ambazo mwili wangu ulikuwa kanisani na mawazo yangu yalikuwa kwenye redio. Wazee wa kanisa walijua. Mke wangu alijua zaidi. Siandiki haya ili nijisifu, wala sitaki kuwaambia vijana kwamba michezo ni dhambi. Nataka kueleza namna ushabiki ulivyonizoesha kupenda vibaya, na namna nilivyoanza kujifunza upya nikiwa na mvi.

Nilikulia katika kijiji kimoja upande wa Dongobesh, Mbulu. Baba alikuwa na redio moja ya betri kubwa nne. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya jiwe, zikapata nguvu za kutosha taarifa ya habari moja. Kwa redio hiyo, Radio Tanzania Dar es Salaam ilituletea dunia nzima mlangoni.

Februari 1974, nikiwa darasa la pili, tulisikia kwamba Filbert Bayi ameshinda mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, na ameweka rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 32 na nukta 2. Bayi ni mtu wa Karatu, na Karatu ya siku hizo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Kwa hiyo aliyeshinda alikuwa wa kwetu. Tukichunga ng'ombe kila mmoja alitaka kuwa Bayi. Yeye hakungoja mzunguko wa mwisho. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akawaacha wengine wamfukuze. Sisi tulitoka hivyo hivyo, tukafika kwenye mti wa kwanza tumekwisha pumzi, na ng'ombe wameingia shamba la mtu.

Mwaka 1978 Gidamis Shahanga, kijana wa Hanang, alishinda mbio za marathoni za Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada. Mwaka 1980 Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow, ambazo hadi leo ndizo medali pekee za Olimpiki za nchi yetu. Niliyakariri majina hayo kuliko nilivyokariri Katekisimu.

Lakini kulikuwa na jina jingine la Mbulu ambalo wazee walilitaja kwa heshima, nami sikulielewa. Lilikuwa la John Stephen Akhwari. Baba alinisimulia habari zake jioni moja tukikoka moto. Oktoba 1968 Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki huko Mexico, katika mji ulio juu sana ambako hewa ni nyepesi. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea.

"Alikuwa wa ngapi?" nikauliza.

"Wa mwisho."

Nikacheka. Baba hakucheka. Alichochea moto, akanyamaza, na hadithi ikaishia hapo. Nilikuwa mtoto wa kupenda washindi, na sikuona sababu ya kumsifu mtu wa mwisho.

Mke wangu nilimpata kwenye kwaya ya vijana. Yeye aliimba sauti ya pili, nami niliimba besi, tena kwa kukosea makusudi ili mwalimu arudie wimbo na nipate muda zaidi wa kumtazama. Ulikuwa wakati wa Mlimani Park na Juwata, na santuri za Mbaraka Mwinshehe zilikuwa bado zinapigwa ingawa mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1979. Mzee mmoja wa kanisa aliuita huo muziki wa dunia. Mimi nilituma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio. Baada ya wiki nyingi jina lake likasomwa hewani, kisha likafuata gitaa. Kesho yake kwenye mazoezi hakuniambia neno, lakini alikuwa amesuka nywele upya. Wazee wakaniita, nikatubu nusu. Tulifunga ndoa mwaka 1989.

Tukawa na redio yetu wenyewe. Mimi ni Simba. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu na Stella huko Abidjan, na mchezo wa marudiano ukawa Dar es Salaam. Nyumba ilijaa majirani. Stella wakafunga bao. Wakafunga la pili. Nikanyoosha mkono nikazima redio.

Mke wangu akauliza, "Mbona umezima? Hawajamaliza."

"Wamekwisha hao."

"Wao bado wanacheza," akasema. "Aliyekwisha ni wewe."

Majirani walicheka, nami nikacheka kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yangu: timu ikifungwa, nazima. Sikuona ubaya wake, kwa sababu redio haina moyo wa kuumia.

Mtoto wetu wa kwanza wa kiume alizaliwa mwaka 1990. Alikuwa na miguu mirefu, nami nikamwona Shahanga mpya. Mwaka 2006, akiwa kidato cha pili, nilimnunulia raba za mtumba. Machi ya mwaka huo Samson Ramadhani alikuwa ameshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne, na mimi niliota mchana kweupe. Siku ya michezo ya shule mwanangu akaingia mita 10,000, yaani mizunguko 25. Nilisimama karibu na mstari wa kumalizia, nikiwa nimewaambia watu wote mtoto wangu ni yupi.

Alitoka mbele kama Bayi. Mzunguko wa saba wenzake wakamkuta, kisha wakamwacha. Baadaye aliyeongoza akampita kwa mzunguko mzima, kisha akampita tena. Washindi walipomaliza, mwanangu alikuwa bado ana mizunguko kadhaa. Watu wakaanza kucheka, wanafunzi wakaanza kubeba madawati. Nikajiambia kwamba ng'ombe hawajanyweshwa maji, nikachukua baiskeli yangu, nikaondoka.

Mke wangu alibaki chini ya mgunga na chupa ya maji. Usiku aliniambia, "Amemaliza." Baadaye akaongeza, "Aliangalia pale ulipokuwa umesimama."

Sitasema kwamba mbio moja iliharibu maisha ya mtu. Yalikuwepo mengine: mtihani wa kidato cha nne, pombe, ng'ombe wawili waliouzwa ili aanze biashara na fedha zisionekane tena. Alihamia Katesh, akawa fundi wa pikipiki. Krismasi ya kwanza hakuja, ya pili hakuja. Mwanzoni nilimpigia simu na kumsema, kisha nikaacha kabisa. Nilikuwa nimezima redio.

Mke wangu hakuacha. Kila Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa akampigia. Mara nyingine kijana hakupokea.

"Unamaliza vocha bure," nilimwambia.

"Vocha ni yangu," akajibu. "Ni ya vitunguu swaumu vyangu."

Ndipo ikaja tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tulikuwa ibadani watu walipoanza kunong'onezana. Mchungaji alipewa karatasi, akaisoma, akatuambia tusimame. Alfajiri ile, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilikuwa imeporomoka. Tope, mawe na miti vilikuwa vimeshuka juu ya Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh watu wakiwa bado vitandani. Tukaomba. Mke wangu akatoka nje na simu yake, na mara hii nilimfuata. Simu ya mwanetu haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

Msharika mwenzetu alitupa nafasi kwenye gari lake. Tuliteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa utelezi hadi Dareda, tukalala kwa ndugu, na Jumatatu tukashika lami ya kwenda Katesh. Mlima ulikuwa mbele yetu, ule ule wa siku zote, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ila sasa ulikuwa na mikwaruzo mirefu ya udongo ubavuni. Mjini tope lilifika madirishani. Magogo makubwa yalilala barabarani kama yametupwa kwa mkono. Askari walikuwa wakichimba. Kila tulipoona watu wamekusanyika mahali, mke wangu alinishika mkono.

Tulimpata baada ya saa sita mchana. Alikuwa mzima. Alishika beleshi, tope limempanda hadi kifuani, na nisingemtambua kama si ile miguu mirefu. Simu yake ilikuwa imefukiwa pamoja na vifaa vyake vyote. Tangu Jumapili alfajiri yeye na wenzake walikuwa wakimtafuta mama mmoja, jirani yake.

"Shikamoo, Mama," akasema. Alinitazama mimi kwa kitambo. "Shikamoo, Baba."

Jioni akaja tulipokuwa tumesimama. "Baba, tangulieni. Gari litawaacha, na giza linaingia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejua mwenzake ana desturi gani.

Nikamwambia, "Tunabaki."

Nikachukua ndoo. Nilikuwa na umri wa miaka 58, na mgongo wangu ulilalamika usiku kucha. Yule mama alipatikana kesho yake, tukamzika. Usiku wa tatu, tukiwa tumekaa nje na wengine, nilimwambia mwanangu jambo ambalo lilinikaa kooni miaka 17.

"Ile siku ya mbio shuleni, mimi niliondoka."

"Najua, Baba," akasema. "Nilikuwa mzunguko wa 21."

Nilimwomba msamaha. Hakujibu. Alinisogezea kikombe cha chai.

Sithubutu kusema kwamba Mungu aliteremsha tope lile ili anifundishe mimi. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wao si mfano wa mahubiri yangu. Ninaloweza kusema ni kwamba nilikuwepo, na kwamba kwa mara ya kwanza nilibaki mahali ambapo hapakuwa na ushindi wa kusubiri.

Baada ya hapo kijana mmoja wa usharika alinionyesha kwenye simu yake filamu ya Akhwari. Miaka yote nilikuwa sijaiona. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, jioni, mguu umefungwa, anakimbia kidogo, anachechemea kidogo. Walioanza walikuwa 75, na yeye alikuwa wa 57 na wa mwisho kumaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kwenda kuanza mbio tu, bali kuzimaliza. Wahubiri wetu hulitumia jibu hilo kufundisha uvumilivu, na wanafanya vema.

Lakini mimi niliwatazama wale wa jukwaani. Wengi walikuwa wamekwenda zao. Wachache walikuwa wamebaki, na walipomwona wakaanza kupiga makofi, na makofi yakazidi hadi alipovuka mstari. Sijui majina yao. Niliirudia filamu mara tatu kwa ajili yao, nikamkumbuka baba yangu akichochea moto.

Bwana Yesu alisimulia habari za baba aliyemwona mwanawe akiwa bado mbali. Nimelisikia somo hilo tangu utoto, na siku zote niliwaza kuhusu mwana, nguruwe na pete. Sasa nawaza juu ya macho ya yule baba. Mtu hawezi kumwona anayekuja kwa mbali ikiwa ameshaingia ndani na kufunga mlango. Tena siku ya msalaba, wanafunzi walipokuwa wamekimbia, wanawake walisimama pale mpaka mwisho. Nimeishi na mmoja wa wanawake wa namna hiyo tangu 1989, nami nilimwambia anamaliza vocha bure.

Wapendwa, msidhani mambo yote yamenyooka. Mwanangu amefungua tena banda lake la ufundi Katesh. Pombe ameipunguza, hajaiacha. Kanisani anakuja mara chache, hukaa kiti cha nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Simuulizi. Ila sasa tunapigiana simu, na mara nyingi tunazungumza michezo, kwa sababu ndiyo lugha tuliyo nayo.

Tarehe 15 Septemba 2025, kabla jogoo hawajawika, simu ililia. Nilishtuka kama ninavyoshtuka tangu 2023. Alikuwa yeye, anapiga kelele. "Baba! Simbu! Simbu ameshinda Tokyo!" Alphonce Simbu, jirani yetu wa Singida, alikuwa ametwaa dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, ya kwanza kwa Tanzania. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na wakatenganishwa na sehemu tatu tu za mia moja za sekunde. Mke wangu alikuwa ameamka na kukaa kitandani, anataka kujua nani amekufa.

Tulishangilia wote watatu gizani. Kisha nikamuuliza, "Na wa mwisho ni nani?"

Upande wa pili kukawa kimya. Nilidhani mtandao umekata.

"Bado hawajamaliza wote, Baba," akasema. "Usikate simu. Tusubiri."