Mashubaka Matupu ya Leuven

Kwenye kozi yetu ya historia ya Ulaya kuna picha ambayo ilipita ukutani kwa sekunde chache tu: jumba la baraza la mji wa Leuven, Ubelgiji. Darasa zima likaguna "duh!", tukahamia slaidi nyingine. Mimi nikabaki palepale. Maana lile ni jengo la utawala, tuseme ofisi za manispaa, mahali pa madiwani na makaratasi, ila ukiliona utadhani ni kasha la vito.

Lilijengwa kati ya 1448 na 1469 kwa mtindo wa Gothiki. Mji jirani wa Brussels ulikuwa na jumba lake, ambalo mnara wake unafika mita 96, na watu wa Leuven hawakutaka kuonekana wanyonge. Fundi mkuu wa kwanza, Sulpitius van Vorst, alifariki kazi ikiwa changa. Jan Keldermans aliyempokea naye akafariki. Matthijs de Layens ndiye aliyemaliza. Mnara mmoja mkubwa hakuna. Ipo sita myembamba, paa limesimama kama mlima, madirisha yamechongoka juu, na ukuta mzima umejaa mashubaka ya kuwekea sanamu.

Sasa sikia. Mashubaka hayo yalikaa bila sanamu karibu miaka 400! Chini yake zilichongwa hadithi za Biblia, somo tosha kwa mpita njia asiyejua kusoma, lakini juu ya vile vikalio, patupu. Sanamu 236 tunazoziona leo zilianza kuwekwa baada ya 1850. Ubelgiji ilikuwa imepata uhuru 1830, nchi changa inayotafuta mababu, ikawapandisha pale: wasomi na wasanii wa mji safu ya chini, watakatifu katikati, watawala wa zamani juu kabisa. Ukuta una zaidi ya miaka 550, nyuso hazijafika hata 200. Mtalii anapiga picha akidhani vyote ni umri mmoja.

Kwa nini linanikera mwalimu mtarajiwa wa Historia? Mwaka jana nilikuwa mazoezini kwenye shule moja ya kata mkoani Kigoma. Nikiwa nafundisha kidato cha tatu, kijana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani alichagua hawa tunaowasoma?" Nikamwambia hilo ni swali la kipindi kizima, na tukalijadili mpaka kengele. Bibi yake alivuka ziwa kutoka Kongo, nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji hiyohiyo. Katika kitabu chetu cha kiada Leopold II yupo, bibi hayupo wala watu wa aina yake.

Ndiyo maana mwaka huu nikirudi mazoezini naanza na Leuven. Kwanza ukuta mtupu, wanafunzi waseme wangemweka nani na kwa nini, wabishane. Halafu ndipo niwatajie 1850.

Rafiki yangu wa chumbani anacheka, eti nampeleka Mbelgiji kwenye darasa lisilo na umeme. Sawa. Nitachora ubaoni. Minara sita haimalizi chaki, na mashubaka nitayaacha wazi.