Siku kuu juu ya mkeka

Tarehe 30 Juni mwaka jana, sisi wake wa jamaa moja tulishinda jikoni, na saloni mabwana wawili, ndugu wa tumbo moja, waligombania kiti. Kisa hasa kilikuwa kiwanja cha marehemu baba yao.

Safari hii tulitandika mikeka chini ya mti, hapa Muhumba, karibu na ziwa. Ni kiangazi, hakuna mvua. Kila nyumba ilileta sufuria moja: bugali, sombe, sambaza za kukaanga. Kwenye mkeka hakuna kiti cha mkubwa. Mmoja akamsogezea nduguye sahani ya sambaza, akapokea.

Kiwanja bado hakijagawanywa, lakini walikula pamoja. Na sisi, kwa mara ya kwanza, tulikula tukiwa tumekaa.